Nani Aliwaandikia Wakutane?

Upepo wa ghafla unamzoa Yoon Se-ri, tajiri wa Seoul aliyepanda angani kwa parachuti kujaribu mavazi ya kampuni yake, na kumvusha mpaka wa Korea mbili. Ananasa mtini upande wa Kaskazini, kisha anamwangukia kapteni wa jeshi, Ri Jeong-hyeok. Hivyo ndivyo inavyoanza Crash Landing on You, tamthilia ya sehemu 16 iliyooneshwa na kituo cha tvN kuanzia Desemba 2019 hadi Februari 2020. Baada ya mwanzo huo wa kichekesho, mapenzi ya wawili hao yanakua kwa mambo ya kawaida kabisa. Kapteni anakaanga buni na kumsagia mgeni wake kahawa. Mgeni anataka mshumaa wenye manukato, analetewa wa kawaida, ananung'unika. Siku nyingine anapotea sokoni giza likiwa limeingia, na mara anamwona kapteni katikati ya umati ameinua mshumaa juu ya vichwa vya watu, na safari hii unanukia. Hakuna mtazamaji anayehitaji kuelezwa kwa nini wawili hao wanapendana. Ameyaona yote kwa macho yake.

Kisha mwandishi, Park Ji-eun, anaongeza jambo. Kumbe walikwisha kuonana! Miaka kadhaa kabla ya upepo ule, Se-ri alikwenda Uswisi akiwa hana tena hamu ya kuishi. Alipishana na kapteni kwenye daraja refu la Sigriswil, na akiwa katika ziwa Brienz akasikia piano ikipigwa ufukweni, muziki uliompa nguvu ya kuendelea kuishi. Mpiga piano alikuwa yeye yule. Mashabiki wameipenda sehemu hiyo kiasi kwamba kijiji cha Iseltwald, chenye wakazi wapatao 400, kimeweka geti kwenye gati lake na kumtoza faranga 5 kila anayetaka kwenda kusimama pale apige picha.

Uswisi ya nini, basi? Mapenzi yalikuwa yamekwisha kusimama bila ziwa wala piano. Ukiyafuta yale ya Uswisi, hakuna tendo hata moja la kapteni litakalopungua uzito. Hata hivyo mamilioni ya watazamaji walilia walipoiona siri hiyo, kana kwamba kilichokuwa kinasuasua sasa kimepigwa mhuri.

Ni desturi ya tamthilia hizi. Katika What's Wrong with Secretary Kim (2018), bosi na katibu wake waliwahi kutekwa nyara pamoja wakiwa watoto. Katika It's Okay to Not Be Okay (2020), mtunzi wa hadithi za watoto na mhudumu wa hospitali ya wagonjwa wa akili walijuana wakiwa wadogo, na msichana ndiye aliyemwokoa mvulana barafu ilipopasuka chini ya miguu yake. Katika My Love from the Star (2013–2014), kiumbe aliyetua Korea mwaka 1609 kutoka nyota nyingine anampenda mwigizaji wa leo mwenye sura ya binti aliyemfia enzi za ufalme wa Joseon, na ni kiumbe huyo aliyemwokoa mwigizaji huyohuyo asigongwe na lori alipokuwa msichana. Korea Kusini ina watu zaidi ya milioni 51. Kwa hesabu ya tamthilia mtu angedhani wote wamelelewa kwenye kichochoro kimoja.

Mtazamaji mzoefu hucheka, hubashiri ni sehemu ya ngapi picha ya utotoni itatolewa kabatini, kisha hulia palepale alipoahidi kutolia. Machozi hayo yanastahili kuchunguzwa kuliko kudharauliwa. Mtu mwenye akili timamu, anayejua kwamba hadithi imetungwa, anahitaji nini hasa anapohitaji wapendanao wawe wameandikiwa?

Mtu mmoja aliyelikabili swali hilo miaka elfu moja iliyopita ni Ibn Hazm wa Cordoba, mwanachuoni wa fikihi aliyekwisha kuonja jela na uhamisho kabla ya kuandika, yapata mwaka 1022, kitabu chake juu ya mapenzi, Tawq al-Hamama. Hoja yake ni ya mwanasheria. Kama uzuri wa sura ndio sababu ya kupenda, anasema, basi asiye mzuri asingependwa. Lakini watu hupenda wenye uzuri mdogo huku wakijua fika kwamba wapo waliowazidi, na moyo haukubali kubadilisha. Kama sababu ni kulingana kwa tabia, mtu asingempenda asiyeafikiana naye. Akaona kwamba sababu imo ndani zaidi: ni sehemu za roho zilizogawanyika katika viumbe wa dunia hii, zikitafuta kuungana kama zilivyokuwa katika asili yake.

Ukubali jibu lake au ulikatae, tatizo alilolifumbua linauma. Mwanamke akiulizwa kwa nini anampenda mumewe, atataja upole, ucheshi, bidii ya kazi. Sawa. Lakini mjini hapo hapo yupo mpole kumzidi, mcheshi kumzidi, mwenye bidii kumzidi. Kama sababu ni sifa, basi anayezidi sifa anastahili kuchukua nafasi, na mpenzi anakuwa kitu cha kubadilishwa pindi kizuri zaidi kinapoingia sokoni. Hakuna anayependa kupendwa hivyo. Kila mtu anataka kupendwa kwa sababu ya kuwa yeye, na hapohapo anataka sifa zake zionekane. Matakwa hayo mawili hayakai pamoja kwa urahisi.

Seoul ya leo inalijua tatizo hili kwa karibu. Zipo kampuni za kutafutia watu wachumba zinazowapanga wateja kwa elimu, kazi, kipato, urefu na mali ya wazazi, zikiwapa madaraja. Ndizo zilizochukua mantiki ya sifa na kuifikisha mwisho wake. Ni nchi hiyohiyo ambayo mwaka 2023 ilihesabu wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke, kiwango cha chini kuliko karibu nchi zote duniani, na vijana wake wanapoulizwa kwa nini hawaoi wala hawaolewi hutaja bei ya nyumba, gharama za kusomesha watoto na saa ndefu za kazi. Kwa kijana aliyekwisha kupigiwa hesabu tangu shule ya msingi, hadithi ya mtu anayependwa kwa sababu ambayo haiwezi kuandikwa kwenye fomu yoyote ni mapumziko makubwa. Jaala haiangalii kipato. Jaala haina nafasi ya pili wala ya tatu.

Jaala hii ya Kikorea, hata hivyo, haitoki moja kwa moja hekaluni. Sensa ya mwaka 2015 ilionesha kwamba asilimia 56 ya Wakorea Kusini hawana dini wanayoifuata. Waprotestanti walikuwa karibu asilimia 20, Wabuddha asilimia 15.5. Ubuddha uliingia katika rasi hiyo mwaka 372, ukatawala kwa karne nyingi, kisha watawala wa Joseon walioshika madaraka mwaka 1392 wakaipa nafasi ya kwanza falsafa ya Confucius na kuwasukuma watawa milimani. Kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kuingia mji mkuu, na katazo hilo liliondolewa mwaka 1895 tu. Lakini mafundisho hayasubiri kibali cha kuingia mjini. Wazo la inyeon, kwamba watu hukutanishwa na sababu na mazingira yaliyotangulia, pengine ya maisha mengine, lilibaki katika mazungumzo ya kila siku. Wakorea husema kwamba hata wapita njia wawili nguo zao zikigusana tu, kuna jambo la zamani lililowaleta hapo.

Wazo hilo, katika asili yake, halihusu wapenzi peke yao. Linamhusu jirani, mdai, adui na mwenye kukuuzia samaki. Na mafundisho ya Buddha hayamsifu mtu kwa kung'ang'ania kamba hizo; yanamfundisha kuzilegeza, kwa kuwa kung'ang'ania ndiko kunakozaa mateso. Hapa tamthilia zimefanya ujanja mkubwa ambao haujadiliwi vya kutosha. Zimechukua elimu iliyokusudiwa kumfungua mtu na kuifanya cheti cha kumfunga. Filamu ya Past Lives ya Celine Song (2023), iliyotengenezwa Marekani na si tamthilia, inaujua ujanja huo na kuutania: mhusika wake mkuu, mwanamke aliyehama Korea akiwa mtoto, anamweleza Mmarekani habari za matabaka 8,000 ya inyeon yanayohitajika ili watu waoane, kisha anacheka kwamba Wakorea hutumia maneno hayo kutongozea. Mmarekani huyo ndiye anayekuja kuwa mumewe. Mpenzi wa utotoni anabaki kuwa mpenzi wa utotoni.

Jaala ina kazi nyingine, na hii ni ya kijamii. Katika nyumba ya Kikorea ya zamani ndoa ilikuwa mkataba wa koo mbili. Wazazi walichagua, mpiga ramli akasoma saa, siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwa vijana, akasema kama wanaafikiana, na neno lake mara nyingi likaafiki kile wazee walichokwisha kuamua. Sheria nayo ilikuwa upande wa koo. Hadi mwaka 1997, Mahakama ya Katiba ilipotamka kwamba katazo hilo ni kinyume cha katiba, watu wenye jina moja la ukoo na asili moja hawakuweza kufunga ndoa halali, hata kama undugu wao ulikuwa wa vizazi na vizazi vilivyopita. Ukoo wa Kim wa Gimhae peke yake una watu zaidi ya milioni 4. Wangapi walipendana bila kupata cheti ni habari ya kusikitisha kuliko tamthilia nyingi.

Ndiyo maana mama mkwe mtarajiwa wa tamthilia, yule anayekaa mgahawani na kusukuma mezani bahasha ya fedha ili msichana maskini aachane na mwanawe, hashindwi kwa hoja. Ana mila, ana mababu, ana kampuni. Kijana atamshindaje? Kwa kuleta mamlaka iliyo juu ya mababu. Mbingu zikisema hawa wawili walikuwa pamoja miaka 300 iliyopita, basi ukoo wenye kumbukumbu za vizazi kumi na mbili unakuwa mtoto mbele ya jambo hilo. Waandishi wameinyang'anya jaala mikononi mwa wazazi na mpiga ramli, wakawakabidhi vijana kama silaha.

Mtazamaji wa Mombasa au Dar es Salaam, aliyezijua tamthilia hizi kwa Jumong na kwa diski zilizotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili juu ya sauti ya Kikorea, haoni ugeni hapo. Naye anatoka katika nyumba ambamo posa hupelekwa na wazee, ambamo mtu husali istikhara kabla ya kukubali, na ambamo ndoa ikifanikiwa au ikivunjika husemwa kwamba ndivyo Mungu alivyoandika. Tofauti ni kwamba kwake aliyeandika anaombwa, anashukuriwa na hana deni la kumlipa mtu. Katika tamthilia ya Kikorea maandishi hayana budi yawe na sababu ndani ya historia ya wawili wenyewe: kosa lililofanywa, ahadi iliyovunjwa, damu iliyomwagika. Jaala yao ni daftari la madeni.

Sasa ubaya wake. Katika Boys Over Flowers, iliyooneshwa na KBS2 mwaka 2009, mrithi wa kampuni kubwa anaanza kwa kumwonea msichana maskini shuleni, anawaruhusu wenzake wamtese, kisha anampenda. Msichana anasema hapana mara nyingi. Mtazamaji anajua tangu sehemu ya kwanza kwamba wataishia pamoja, kwa hiyo kila hapana yake inasikika kama ucheleweshaji tu. Hapo ndipo jaala inapogeuka hatari: ikishaandikwa, ridhaa ya mwanamke inakuwa jambo la ratiba. Kile kitendo cha kumkamata mwanamke kifundo cha mkono na kumburuta, ambacho tamthilia za miaka hiyo zilikirudia bila aibu, kilipendeza kwa watu wengi kwa sababu walikwisha kuhakikishiwa kwamba huyu ndiye. Mtu wa kawaida mtaani hana mwandishi wa kumhakikishia. Akimshika mwenzake hivyo, anamshika mtu asiyetaka, basi. Tamthilia za miaka ya karibuni zimepunguza sana mchezo huo, na zimekuwa bora kwa kuuacha.

Goblin ya mwandishi Kim Eun-sook, iliyooneshwa na tvN kuanzia Desemba 2016 hadi Januari 2017, inabeba dosari hiyo waziwazi. Jemadari wa enzi za ufalme wa Goryeo, Kim Shin, ameuawa kwa amri ya mfalme kijana mwenye wivu, kisha akarudishwa duniani na kuachwa aishi zaidi ya miaka 900 akiwa na upanga kifuani ambao ni bibi harusi wake pekee anayeweza kuuchomoa. Bibi harusi huyo akitokea, ni mwanafunzi wa sekondari. Mwanamume ana sura ya mtu wa makamo na umri wa karne tisa. Msichana anavaa sare ya shule. Neno bibi harusi limemtangulia hata kabla hajajua anataka kusomea nini. Gong Yoo na Kim Go-eun wanaigiza kwa ustadi kiasi cha kumsahaulisha mtu, na labda hilo ndilo la kulalamikia.

Hata hivyo hakuna tamthilia ya mapenzi ya Kikorea iliyolichimba swali la jaala kama hii, na haki yake ipewe. Kwanza, kutokufa kwake ni adhabu. Kim Shin amezika kila aliyempenda, kizazi baada ya kizazi. Pili, jaala yake ni kitanzi: msichana akiuchomoa upanga, mwanamume anatoweka, asipouchomoa, mauti yatamwandama yeye msichana. Aliyeandika hivyo hakuwatakia heri. Tatu, na hili ndilo kubwa, hadithi inageuka pale jaala inapopatwa na jambo isilolijua. Lori lisilo na breki linaelekea kwenye gari la watoto wa chekechea. Ji Eun-tak, sasa mtu mzima, analiona, anapiga hesabu ya haraka, na kuliweka gari lake katikati. Watoa roho wa tamthilia hii hupewa kadi zenye majina ya wanaokufa. Kifo hiki hakikuwa kwenye mpango wowote. Mtu aliyejitoa kwa ajili ya watoto wa wengine hayumo katika hesabu za miungu, kwa kuwa aliamua yeye, dakika ileile.

Baadaye anaketishwa kwenye chumba ambamo wafu hunyweshwa chai ya kuwasahaulisha maisha yaliyopita, desturi inayofanana na supu ya bibi Meng Po katika masimulizi ya Kichina. Anakataa kuinywa. Kwa hiyo anaporudi duniani na kumkumbuka mumewe, si mbingu zilizomkumbusha. Yeye ndiye aliyekataa kikombe.

Na bado habari nzito zaidi ya Goblin imo kwa wapenzi wa pili, ambao watazamaji wengi wanawaona kama wa pembeni. Mtoa roho mmoja, asiyekumbuka alikuwa nani, anampenda Sunny, mwanamke mcheshi mwenye mgahawa wa kuku wa kukaanga. Kumbukumbu zinaporudi inajulikana kwamba mtoa roho alikuwa ndiye mfalme yule kijana, na Sunny ndiye malkia wake, dada wa Kim Shin, aliyeuawa kwa amri yake. Tamthilia dhaifu ingetumia ugunduzi huo kuwaunganisha: tazameni, wamekutana tena! Sunny anafanya kinyume. Anakiri kwamba anampenda. Kisha anaamua kwamba katika maisha haya hawatakuwa pamoja, na kwamba hiyo ndiyo adhabu anayompa kwa niaba ya kaka yake. Anaufunga mgahawa na kuondoka. Jaala ilikuwa na uwezo wa kuwaleta mlango mmoja, lakini haikuwa na mamlaka ya kusamehe badala ya aliyeumizwa. Ni katika maisha yanayofuata tu, wakiwa hawana deni tena, ndipo wanaposhikana mikono.

Ukiwaweka Sunny na Eun-tak pamoja, tamthilia inayojulikana duniani kama hadithi ya kuandikiwa inakuwa hadithi ya wanawake wawili wanaoyasoma maandishi na kuyajibu wanavyoona wao.

Upande wa pili kabisa yupo Yoon Seok-ho, mwongozaji wa Winter Sonata (2002), ile iliyoipeleka Korea kwenye sebule za Japani NHK ilipoionesha kuanzia mwaka 2003. Katika Summer Scent (2003) alilipeleka wazo la jaala hadi hospitalini. Mwanamke amepandikizwa moyo wa marehemu, na kila anapomkaribia mwanamume fulani moyo huo unadunda kwa nguvu. Ndiye aliyekuwa mchumba wa mwenye moyo. Maua, mashamba ya chai, muziki wa polepole, kila kitu kizuri. Lakini nani anapenda hapo? Kama ni moyo, basi mwanamke huyu ni nyumba ya kupanga tu, na mwanamume anamtafuta marehemu ndani ya mtu aliye hai. Kama ni mwanamke mwenyewe, basi moyo haukuhitajika. Tamthilia inalikwepa swali hilo kwa sehemu nyingi sana. Kimsingi, jaala iliyokusudiwa kumfanya mpenzi asiwe na mbadala imemfanya awe mbadala wa mwingine.

Mwaka 2022 ilikuja kazi iliyothubutu kuwanyima watu walichokizoea. Twenty-Five Twenty-One inaanza mwaka 1998, nchi ikiwa katika msukosuko wa fedha uliowafilisi watu wengi. Na Hee-do anacheza mchezo wa vitara. Baek Yi-jin ni kijana ambaye baba yake amefilisika. Wanapendana polepole, kwa ucheshi na kwa msaada wa kweli. Kisha Yi-jin anakuwa mwandishi wa habari wa televisheni, anatumwa New York kufuatia mashambulizi ya Septemba 2001, kazi inammeza, ahadi zinavunjwa moja baada ya nyingine, na wanaachana. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyesahau. Hakuna mama mkwe. Watazamaji walikasirika mno. Kabla ya hapo walikuwa wamechambua kila dalili, wakipekua hata jina la ukoo la binti wa Hee-do, ambalo ni Kim na si Baek, wakitafuta njia ya kuthibitisha kwamba baba yake ni Yi-jin licha ya jina hilo.

Kuna haki katika hasira hiyo, maana sehemu za mwisho zimeharakishwa. Lakini sehemu kubwa ilikuwa hasira ya kunyang'anywa jaala. Kwamba mapenzi ya kweli kabisa yanaweza kufa kwa simu ambazo hazikupokewa, bila laana yoyote ya enzi za Goryeo, ni habari ambayo watu huipata bure nyumbani kwao. Hawakuwasha televisheni kuitafuta.

Jibu zuri kwa Ibn Hazm lilitoka kisiwa cha Jeju. When Life Gives You Tangerines, iliyotolewa Machi 2025, sehemu nne kila wiki hadi zikatimia 16, haina siri ya utotoni kwa sababu utoto wenyewe uko mbele ya macho ya mtazamaji. Ae-sun ni yatima wa mzamiaji wa baharini. Gwan-sik ni mtoto wa muuza samaki aliyeamua mapema. Ae-sun akiona aibu kuita wateja sokoni, Gwan-sik anamuuzia kabichi zake huku Ae-sun akisoma kitabu. Baada ya kuoana, nyumbani kwa wazazi wa Gwan-sik wanaume wanakula mezani kwao na wanawake kando. Gwan-sik anageuza mgongo kwa wazee na kula akimtazama mkewe. Wanampoteza mtoto mdogo siku ya tufani. Wanauza, wananunua, wanadaiwa, wanazeeka. Ukimuuliza Ae-sun kwa nini huyu na si mwingine mpole kumzidi, hahitaji kumtaja Mungu wala maisha yaliyotangulia. Mwingine hakuwepo siku ya tufani. Hata kama sifa zake zote zingepatikana kwa mtu wa pili, ile miaka haipatikani kwa mtu wa pili.

Hoja hiyo inatosha kumtuliza mwanafalsafa. Haimtulizi aliyeanza kupenda jana. Miaka huwafaa waliokwisha kuishi nayo, na mwenye wiki tatu za kupenda hana tufani wala kabichi za kuonesha. Ana hofu tu kwamba angeweza kupita barabara nyingine siku ile. Ndiyo sababu jaala hairudi nyuma. Mwaka 2024 Lovely Runner ilirudisha kila kitu: msichana anasafiri katika wakati kumwokoa mwanamuziki anayempenda, na hatimaye anaamua kumkwepa tangu mwanzo ili asife, naye asimjue kamwe. Uamuzi mzuri wenye gharama. Kisha waandishi wanaogopa. Kumbukumbu zinarudi kwa mwanamuziki, kwa maelezo kwamba aliyoyaishi mtu huzama rohoni, na gharama inafutwa.

See You in My 19th Life (2023) haikuogopa kiasi hicho. Ban Ji-eum anayakumbuka maisha yake yote yaliyopita, karibu miaka elfu. Katika maisha ya kumi na nane alikuwa msichana wa miaka 12 aliyekufa kwa ajali ya gari akimkinga mvulana wa miaka tisa, Moon Seo-ha. Katika ya kumi na tisa anamtafuta, anaingia kazini hotelini kwake na kumfuatia bila haya. Kwa muda mrefu mizani haiko sawa: mmoja anajua kila kitu, mwingine anapendwa kwa mambo asiyoyajua, na ni haki kuuliza kama hilo ni mapenzi au ni ukusanyaji wa deni. Mwishoni anakubali kuzipoteza kumbukumbu hizo zote. Mizani inapinduka. Sasa Seo-ha ndiye mwenye hadithi, naye hawezi kuithibitisha kwa mtu anayemtazama kama mgeni. Inambidi amtongoze upya kwa yale aliyonayo leo. Hapo ndipo tamthilia ingepaswa kukaa. Lakini ina sehemu 12 tu na maisha kumi na tisa ya kusimulia, kwa hiyo uchumba huo wa pili, ambao ndani yake jaala haisaidii chochote, umepewa dakika chache za mwisho, pungufu ya zilizotumika kuonesha farasi na mavazi ya zamani.